Egal na ufa uliogeuka ukuta

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika historia ya Afrika huru ni shida kupata maisha ya kiongozi yanayoithibitisha methali hiyo kama maisha ya marehemu Mohamed Haji Ibrahim Egal. Aliongoza serikali ya nchi iliyokuwa huru kwa siku tano tu, akaitia nchi hiyo kwa hiari katika muungano na ndugu zao. Miaka saba baadaye akawa Waziri Mkuu wa muungano huo. Kisha akatiwa kizuizini kwa miaka mingi, na mwisho wa umri wake akawa Rais wa nchi iliyotangaza kujitoa katika muungano uleule alioshiriki kuujenga. Wapo Wasomali wanaomwita msaliti wa umoja, na wapo wanaomwita baba wa taifa. Safu hii haikusudii kutoa fatwa baina yao. Inakusudia kuuliza ni jambo gani lililompeleka mtu mmoja kutoka mwanzo ule hadi mwisho ule.

Egal alizaliwa mwaka 1928 huko Odweyne, katika Somaliland iliyotawaliwa na Waingereza. Wakati huo taifa la Wasomali, lenye lugha moja na dini moja, lilikuwa limekatwa vipande vitano na wakoloni na majirani: kipande cha Waingereza upande wa kaskazini, cha Waitalia upande wa kusini, cha Wafaransa Djibouti, cha Ethiopia katika Ogaden, na cha Waingereza tena ndani ya Kenya. Ndiyo maana bendera ya Wasomali ina nyota yenye pembe tano. Kijana aliyekulia katika mazingira hayo hakuhitaji kuhubiriwa umoja. Aliunyonya pamoja na maziwa ya ngamia. Egal alipata elimu yake ya juu Uingereza, akarejea nyumbani, akajiunga na chama cha SNL, na kufikia mwaka 1958 alikuwa Katibu Mkuu wa chama hicho.

Uchaguzi wa Februari 1960 ulikipa chama hicho na mshirika wake, chama cha USP, viti 32 kati ya 33 vya baraza la Somaliland. Egal, akiwa na umri wa miaka 31, akawa kiongozi wa serikali. Mwezi Aprili baraza lile lilipitisha azimio la kutaka uhuru ili waungane na ndugu zao wa kusini, ambao tarehe ya uhuru wao ilikwisha kuwekwa, yaani 1 Julai 1960. Uhuru wa kaskazini ulipatikana tarehe 26 Juni 1960, na siku ya tano baadaye nchi mbili zikawa Jamhuri moja ya Somalia.

Furaha ya siku zile ilikuwa ya kweli, wala hapana sababu ya kuidharau. Lakini haraka ile haikuwa na baraka zote. Kila upande ulipitisha maandishi yake ya muungano, na maandishi hayo hayakulingana. Sheria ya kusawazisha mambo ilitungwa mnamo Januari 1961, ikahesabiwa kuwa imeanza kufanya kazi tangu siku ya muungano. Huku nyuma mahakimu wa kaskazini walifuata sheria za Kiingereza, wa kusini za Kiitalia. Makarani waliandikiana kwa lugha mbili za kigeni, maana Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi mwaka 1972. Hata ushuru na taratibu za watumishi wa serikali vilikuwa mbalimbali.

Zaidi ya yote, kulikuwa na swali la nani anakaa wapi. Bunge la Jamhuri lilikuwa na wabunge 123, kati yao 90 wa kusini na 33 wa kaskazini. Kwa hesabu ya watu, mgawanyo huo haukuwa wa kushangaza. Lakini Rais alitoka kusini, Waziri Mkuu akatoka kusini, mkuu wa jeshi na mkuu wa polisi wakatoka kusini, na makao makuu yakawa Mogadishu. Hargeisa, iliyokuwa makao makuu ya serikali kwa siku tano, ikabaki kuwa mji wa mkoa. Mwananchi wa Hargeisa aliyehitaji saini ya mkubwa ilimbidi asafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kuitafuta. Egal, aliyeleta nchi nzima mezani, alipewa wizara ya ulinzi, kisha akahamishiwa elimu. Mwaka 1962 akajiuzulu.

Ufa ulianza kuonekana mapema. Tarehe 20 Juni 1961 wananchi walipiga kura ya maoni juu ya katiba. Chama cha SNL kilisusia, na katika kura takriban 100,000 zilizopigwa kaskazini, zaidi ya nusu ziliikataa katiba, ingawa kwa jumla ya Jamhuri nzima ilikubaliwa kwa wingi mkubwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo maofisa vijana wa jeshi wa kaskazini walijaribu kuasi ili kuurudisha nyuma muungano. Uasi ulizimwa upesi na askari wenyewe, na mwaka 1963 mahakama iliwaachia huru maofisa hao kwa hoja kwamba sheria ya muungano haikuwa imekamilika kisheria. Serikali yenye hekima ingeliisoma hukumu hiyo kama barua ya onyo. Ilisomwa kama kero ya mawakili.

Hata hivyo, tusisahau kwamba katika miaka ile bado palikuwa na mahali pa kusemea. Egal hakukimbilia porini. Alijiunga na viongozi wa kusini waliokuwa na manung'uniko yao, wakaunda chama cha SNC mwaka 1963, chama kilichopata wafuasi pande zote mbili. Mwaka 1966 akaingia katika chama tawala cha SYL. Na Bunge lilipomchagua Abdirashid Ali Sharmarke kuwa Rais mwaka 1967, Sharmarke alimteua Egal kuwa Waziri Mkuu. Kwa mara ya kwanza mtu wa kaskazini alishika usukani wa serikali, na maneno ya kujitenga yakapoa.

Sisi wa Afrika Mashariki twamkumbuka Egal hasa kwa kazi aliyoifanya wakati huo. Tangu mwaka 1963 mkoa wa kaskazini mashariki wa Kenya ulikuwa ukiungua kwa vita vya mashifta. Tarehe 28 Oktoba 1967, mjini Arusha, kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, Egal na Mzee Jomo Kenyatta walikubaliana kukomesha uadui na kurejesha uhusiano. Alizungumza pia na Ethiopia. Hakulitupa dai la Wasomali, bali aliamua kwamba nchi maskini haiwezi kulisha watu wake kwa risasi. Nyumbani wapinzani walimshutumu kwamba amewauza ndugu walioachwa nje ya mipaka. Alistahimili. Ukweli ni kwamba wafugaji na wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka walipumua.

Lakini haki haimruhusu mwandishi kusifu tu. Uchaguzi wa Machi 1969, uliofanyika chini ya serikali yake, ulikuwa aibu ya demokrasia. Vyama zaidi ya 60 na wagombea zaidi ya 1,000 waligombea viti 123, kila ukoo na chama chake. Malalamiko ya hila katika kura yalienea nchi nzima. Uchaguzi ulipokwisha, karibu wabunge wote wa upinzani walihamia chama tawala wakitafuta vyeo. Wananchi walilitazama Bunge lao wakaona soko. Uwakilishi uliokuwa dawa ya ufa ukageuzwa bidhaa, na Egal, aliyekuwa mkuu wa soko hilo, hawezi kuondolewa lawama.

Tarehe 15 Oktoba 1969 Rais Sharmarke aliuawa kwa risasi na askari polisi mjini Las Anod. Tarehe 21 Oktoba jeshi likatwaa serikali, likiongozwa na Jenerali Mohamed Siad Barre. Bunge likavunjwa, katiba ikasimamishwa, vyama vikapigwa marufuku. Egal alitiwa kizuizini hadi mwaka 1975. Aliteuliwa balozi nchini India kwa muda mfupi, kisha mwaka 1976 akakamatwa tena, akakaa ndani hadi mwaka 1985.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Utawala wa kijeshi ulihubiri umoja kuliko serikali zote zilizoutangulia, ukapiga vita ukabila kwa maneno, na kwa kuandika lugha ya Kisomali ulifanya jambo jema litakalokumbukwa. Lakini ulifunga mlango wa kusemea. Nung'uniko lililokuwa na kiti bungeni likanyang'anywa kiti hicho, nalo likatafuta bunduki. Mwaka 1981 Wasomali wa kaskazini waliokuwa ng'ambo waliunda chama cha SNM mjini London. Mwezi Mei 1988 wapiganaji wake waliingia Burao na Hargeisa. Serikali ikajibu kwa mizinga na ndege za kivita zilizoruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa na kuupiga mji huohuo wa Hargeisa. Makumi ya maelfu ya raia waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbilia Ethiopia. Serikali inayoupiga kwa mabomu mji wake yenyewe haiwezi tena kumwambia mwananchi wa mji huo habari za umoja akasikia.

Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991. Tarehe 18 Mei mwaka huo, katika mkutano mkuu wa Burao, ilitangazwa kwamba Somaliland imejirudishia uhuru wake wa mwaka 1960. Serikali ya kwanza ilidhoofishwa na mapigano baina ya wapiganaji wenyewe, na wazee wa koo wakaingilia kati. Walikutana Borama kwa miezi kadhaa mwaka 1993, wajumbe 150 wenye kura, wakiketi na kusemezana hadi wakubaliane. Walikata shauri kuwa na mabaraza mawili, moja la wazee liitwalo Guurti na moja la wawakilishi, na viti vikagawanywa kwa koo ili asiwepo wa kusema ameachwa nje. Mwezi Mei wakamchagua Egal kuwa Rais, mtu ambaye hakuwa mpiganaji wa SNM. Nafasi ya Makamu wa Rais ikaenda kwa mtu wa upande wa magharibi, wa ukoo ambao haukuwa nguzo ya chama hicho.

Mzee yule sasa alitumia yote aliyoyajifunza bungeni na kizuizini. Aliwakopa wafanyabiashara fedha, akalisha wanamgambo na kuwaingiza jeshini, akatoza ushuru katika bandari ya Berbera, na mwaka 1994 akaanzisha shilingi ya Somaliland. Hakuwa malaika. Vita vilizuka tena kuanzia mwaka 1994 juu ya uwanja wa ndege wa Hargeisa, na amani ikarejeshwa kwa mkutano mwingine uliomalizika mwaka 1997 na kumpa muhula wa pili. Wabunge walijaribu kumwondoa mwaka 2001 wakashindwa. Mwezi Mei mwaka huo kura ya maoni ilipitisha katiba iliyoweka msimamo wa kujitenga, kwa asilimia 97 ya kura zilizohesabiwa. Egal alifariki dunia tarehe 3 Mei 2002 katika hospitali mjini Pretoria, Afrika Kusini, bila ya nchi yake kutambuliwa na taifa lolote. Makamu wake, Dahir Riyale Kahin, alishika madaraka bila risasi kulia. Hilo lilikuwa ushahidi kwamba makubaliano ya Borama yalikuwa na mizizi.

Lakini asilimia ile ya kura ilikuwa na kivuli. Katika mikoa ya mashariki ya Sool na Sanaag watu wengi hawakushiriki, kwani wapo huko wasiotaka kutengwa na Somalia. Kwa miaka mingi walinung'unika kwamba Hargeisa iko mbali na haiwasikii, maneno yaleyale ambayo watu wa Hargeisa waliyasema juu ya Mogadishu. Mwaka 2023 manung'uniko hayo yaligeuka vita mjini Las Anod, mji alikouawa Rais Sharmarke, na mwezi Agosti majeshi ya Somaliland yalilazimika kuondoka katika viunga vyake. Waliowahi kuwa wadogo katika nyumba kubwa walijikuta wakubwa katika nyumba ndogo, wakaisahau siku waliyokuwa wadogo.

Ndugu msomaji, maisha ya Egal hayatuambii kwamba umoja ni kosa. Alipouamini mwaka 1960 aliamini jambo jema. Yanatuambia kwamba saini ya viongozi huanzisha muungano tu, na kila siku inayofuata humhitaji yule mkubwa amwulize mdogo kama ameshiba, na kumwacha ajibu kwa sauti yake mwenyewe. Bunge linaposikiliza, ufa huzibwa kwa udongo. Bunge linapofungwa au kuuzwa, ufa huwa ukuta, na ukuta hujengwa kwa maiti. Wanaozungumza leo juu ya mustakabali wa Wasomali, wawe Mogadishu, Hargeisa au Las Anod, wana mfano wa mzee huyo wa kuutazama kwa makini, mazuri yake na makosa yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape viongozi wa leo masikio kabla hawajahitaji silaha.