Mohamed Amin: Mkenya aliyeionyesha dunia njaa kwa runinga ya mistari 625

UKIFIKA Boito, kule Konoin katika Kaunti ya Bomet, hukosi kumwona kijana aliyeinua simu kuelekea mashamba ya majani chai. Huyu anarekodi wimbo wa injili, yule anarekodi koito ya binamu yake, mwingine anacheza peke yake katikati ya michai, basi. Jioni mabishano huwa ni yale yale: mbona video yangu imefifia na ya fulani iko kali? Jibu la haraka ni simu. Nunua ya 4K. Tafuta yenye megapikseli nyingi zaidi.

Kabla hujamwomba mzazi auze ndama, soma kidogo maisha ya Mkenya mmoja aliyefariki kabla wengi wenu hamjazaliwa. Video zake zilitazamwa na dunia nzima, na runinga zilizozionyesha zilikuwa dhaifu kuliko simu ya bei ya chini iliyo mfukoni mwako leo.

Mohamed Amin, ambaye wenzake walimwita Mo, alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943. Babake alikuwa mwashi wa reli mwenye asili ya Punjab, na kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam, Mo akiwa bado mtoto. Huko, akiwa na umri wa miaka 11 hivi, alipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie iliyokwisha kutumika.

Box Brownie ilikuwa kisanduku tu. Ilikuwa na lenzi sahili, haikuwa na cha kuzungusha ili kuweka fokasi, na kasi yake ilikuwa moja. Ukisogea karibu sana na mtu, anatoka na ukungu. Ukipiga dhidi ya jua, picha yote inafifia. Kwa hiyo mtoto aliyejifunza na kisanduku kile alilazimika kujua asimame wapi na jua liwe upande gani, la sivyo filamu yake imeharibika na pesa zimekwenda. Nadhani huo ndio ulikuwa mtaji wake mkubwa, kuliko kamera zote alizokuja kumiliki baadaye.

Mwaka wa 1963, akiwa na miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Hakungoja aajiriwe. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yakampa habari kubwa mapema, lakini Zanzibar hiyo hiyo ilimtesa: mwaka wa 1966 alikamatwa huko na kufungwa kwa siku 28. Baada ya hapo akahamia Nairobi, na Camerapix ikahamia naye.

Halafu ikaja Jumamosi ya Julai 5, 1969. Waziri Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika Barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Mo alifika haraka, akajipenyeza hadi ndani ya ambulansi iliyombeba Mboya kwenda hospitalini, akapiga picha humo humo. Kazi ya siku hiyo ilimletea tuzo ya mpigapicha wa habari za televisheni huko Uingereza.

Hebu tusimame kwenye ambulansi hiyo kidogo, maana hapo ndipo siri ya picha kali ilipo.

Tunaposema video ni kali, mara nyingi tunadhani tunahesabu vitu vidogo vinavyoonekana: nywele, nyuzi za shati, mishipa ya jani. Jicho halifanyi kazi hivyo. Kitu cha kwanza ambacho jicho hutazama ni pale giza linapokutana na mwanga. Mpaka huo ukiwa umekatika vizuri, ubongo unasema picha ni kali hata kama vitu vidogo havipo. Mpaka ukiwa umechanganyika kama chai iliyomwagiwa maziwa mengi, ubongo unasema picha imefifia hata kama kamera ilinasa kila unywele. Mhandisi wa kampuni ya RCA kule Marekani, Otto Schade, alitumia miaka mingi kupima jambo hili wakati televisheni ingali changa, na vipimo vya lenzi vinavyotumika leo vinatokana kwa sehemu na kazi ya watu kama yeye.

Sasa, mpaka huo wa giza na mwanga hujengwa na nani? Wa kwanza ni lenzi. Kioo kizuri hupeleka mwanga mahali pake. Kioo hafifu huutawanya: mwanga wa angani unamwagika juu ya uso wa mtu, weusi unakuwa kijivu, na pembeni mwa picha vitu vinavutika. Ndiyo maana lenzi nzuri hupakwa utando mwembamba sana unaopunguza mng'ao wa ndani, ule wa mwanga kugonga kioo kimoja na kurudi kwa kingine. Utando huo hauongezi pikseli hata moja, lakini picha huonekana kali zaidi. Kwa hiyo lenzi ina maana, tena kubwa. Ukiniuliza kati ya kamera ya bei yenye lenzi mbovu na kamera ya kawaida yenye lenzi nzuri, nitachukua ya pili bila kufikiri mara mbili.

Ila kuna kitu kingine kati ya lenzi na mtu, nacho ni hewa. Ndani ya ambulansi hakuna umbali. Mo hakuhitaji kuvuta picha kutoka ng'ambo ya barabara, kupitia moshi na vumbi na mabega ya watu. Alikuwa palepale. Ukiwa karibu, hewa haipati nafasi ya kuchafua picha, na hata mkono ukitikisika kidogo haudhuru sana, kwa sababu lenzi pana haikuzi mtikiso kama lenzi ya kuvuta.

Miaka ya 1970 alizunguka kama mtu asiyelala. Alimfuata Idi Amin Uganda (hapana, hawakuwa ndugu, jina tu), akarekodi Waasia walipofukuzwa mwaka wa 1972, akarekodi ibada ya Hija kule Makka, akatembea kandokando ya Ziwa Turkana, na kutoa vitabu. Wakati huo alikuwa pia akiuzia shirika la Visnews la London picha za habari kutoka karibu kila pembe ya Afrika.

Kilichomfanya ajulikane hata na wasiojua jina lake ni Oktoba 1984. Alisafiri na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, hadi kaskazini mwa Ethiopia, Korem na Mekelle, ambako njaa ilikuwa ikiua watu kwa maelfu. Korem iko nyanda za juu, na asubuhi huko ni baridi. Ripoti yao inaanza alfajiri: watu wamejitanda mablanketi na mashuka, wameketi chini kwenye uwanda hadi macho yanakoishia, na jua linachomoza katikati ya moshi na ukungu. Kamera inapita polepole juu yao. Kisha inasogea karibu, inakaa kwenye uso mmoja, halafu mwingine.

Ripoti ilionyeshwa na BBC Oktoba 23, 1984, kisha ikachukuliwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Mwanamuziki Bob Geldof aliitazama nyumbani kwake. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa amewakusanya wanamuziki wa Uingereza na kutoa wimbo wa kuchangisha pesa, Wamarekani wakafuata na wao, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid mjini London na Philadelphia siku moja.

Hapa nataka tuhesabu. Runinga ya Uingereza wakati huo, na ya Kenya pia, ilikuwa ya mistari 625, na kati ya hiyo iliyobeba picha yenyewe ilikuwa 576 hivi. Marekani walikuwa na 525. Video ya 4K ina mistari 2,160. Maana yake ni kwamba picha zilizoitikisa dunia zilikuwa na karibu robo ya mistari ambayo simu yako inarekodi. Pamoja na hayo, ukizitazama leo hutamani ziwe na pikseli zaidi. Jua liko chini na pembeni, kila blanketi lina upande wa mwanga na upande wa kivuli. Kamera haikurupuki, na mtu yuko karibu vya kutosha.

Nawaza Boito ninapotazama alfajiri ile ya Korem, kwa sababu ukungu wa kwenu hauna tofauti na ule kwa kamera. Ukungu ni matone madogo yanayotawanya mwanga, kama lenzi mbovu iliyotandazwa shambani. Kilima cha mbali kitafifia hata ukileta kamera ya filamu za Hollywood. Mchuma chai aliye hatua mbili kutoka kwako hafifii, na kile kilima cha kijivu nyuma yake ndicho kinachomfanya aonekane kali zaidi. Kwa hiyo tembea. Usivute kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu, kwa sababu mara nyingi simu haivuti chochote. Inakata kipande cha katikati na kukinyoosha. Futa lenzi pia, jameni. Mtu anatoka kula mahindi ya kuchoma, anashika simu na mafuta ya vidole yanabaki kwenye lenzi ndogo kama punje ya dengu, kisha analaumu kampuni iliyoitengeneza.

Jambo moja zaidi linalowahusu watu wa mashamba ya chai hasa. Shamba la michai lina maelfu ya majani madogo yanayofanana, na upepo ukipita yote yanacheza. Simu ikirekodi, na mtandao ukiikandamiza video tena unapoipakia, hesabu haitoshi kubeba kila jani, kwa hiyo shamba linageuka uji wa kijani. Lenzi haina hatia hapo. Mtu anayejua atapiga mstari mmoja wa michai karibu, aache shamba lote lifichike nyuma ya mtu.

Turudi kwa Mo. Juni 1991, serikali ya Mengistu imekwisha kuanguka, alikuwa Addis Ababa akirekodi ghala la silaha lililokuwa likiungua. Ghala likalipuka. John Mathai, mwenzake aliyekuwa akinasa sauti, alikufa. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Kwa asiyewahi kubeba kamera ya begani, huenda hilo lionekane ni jeraha tu kama jeraha jingine. Lakini kwenye kamera za habari za aina ile, mkono wa kulia huingia kwenye mkanda ulio kando ya lenzi, na vidole vyake hubonyeza kuanza na kuvuta. Mkono wa kushoto ndio unaozungusha pete ya fokasi. Yaani mkono aliopoteza ndio unaoifanya picha iwe kali au isiwe. Lenzi hata iwe ya maelfu ya dola, pete hiyo ikikosea kidogo, uso wa mtu unakuwa ukungu na sikio lake ndilo linaloonekana vizuri.

Watu walidhani amemaliza. Alitengenezewa mkono bandia, akajifunza upya kushika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini. Alikuwa na miaka 47 alipoumia. Sijui mpigapicha mwingine wa Afrika Mashariki aliyepewa mtihani huo wa fokasi.

Novemba 23, 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi pamoja na mwandishi Brian Tetley, rafiki aliyeandika naye vitabu vingi. Vijana watatu wakaiteka, wakamwamuru rubani awapeleke Australia, na hawakutaka kuamini kwamba mafuta hayatoshi. Mafuta yakaisha juu ya Bahari Hindi. Ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, Mo na Tetley wakiwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Kuna video ya ajali hiyo. Ilipigwa na mtalii aliyekuwa hotelini ufukweni akiwa na kamera ndogo ya nyumbani. Bawa linagusa maji kwanza, kisha ndege inapasuka. Imetikisika, haina ukali wowote, na ilionyeshwa na vituo vya habari duniani kote kama zilivyoonyeshwa za Korem.

Camerapix bado ipo Nairobi, chini ya mwanawe, Salim Amin, ambaye alihusika pia na filamu kuhusu babake iitwayo Mo & Me. Maelfu ya picha za Mo yamewekwa mtandaoni kupitia wakfu wenye jina lake, na kuzitazama ni bure.

Ukipata nafasi ya kuona kazi za wapigapicha wa habari wa miaka ya sitini zikiwa zimesafishwa upya, utashangaa. Filamu ya milimita 16 iliyopigwa kwa lenzi nzuri ilinasa zaidi ya kile ambacho runinga ya mistari 625 iliweza kuonyesha. Nyuso za watu waliosimama nyuma, maandishi kwenye vibao vya maduka, vyote vilikuwa kwenye filamu tangu siku ile, na mtazamaji wa 1969 hakuviona. Kanda za video za miaka ya themanini hazina akiba hiyo. Kilichoonekana kwenye runinga ndicho kilichomo.