Bruce Lee: Kabla hajawa steringi, alikuwa dereva wa steringi

Ijumaa ya Septemba 9, 1966, saa 1:30 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, kituo cha televisheni cha ABC kilirusha kipande cha kwanza cha tamthilia mpya ya shujaa anayeficha uso. Iliitwa The Green Hornet, yaani Nyigu wa Kijani. Ndani yake kuna gari refu jeusi. Kiti cha nyuma amekaa bosi. Mbele, kwenye usukani, yupo kijana mwembamba wa Kichina mwenye kofia ya dereva na kinyago cheusi machoni.

Kijana huyo haongei sana. Kazi yake ni kuendesha, kufungua mlango na kupiga watu.

Same, mkoani Kilimanjaro, saa hiyo ilikuwa ni usiku wa manane kuamkia Jumamosi. Hakuna mtu aliyeona uzinduzi huo, si Same mjini wala kule juu milimani Upare, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Serikali iliiona televisheni kama anasa, na ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990.

Leo nenda stendi ya Same, pale mabasi ya Dar na Arusha yanaposimama, uwaulize vijana wa bodaboda jina la steringi wa tamthilia ile. Utatazamwa tu. Anaitwa Van Williams. Halafu waulize jina la dereva wake.

Mtoto wa jukwaani

Bruce Lee alizaliwa Novemba 27, 1940, San Francisco, Marekani, kwenye hospitali ya mtaa wa Wachina. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa msanii wa opera ya Kikantoni na alikuwa kwenye ziara ya kikazi. Mama, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kichina na ya Kizungu. Familia ilirudi Hong Kong mwaka 1941, lakini kabla ya hapo kichanga huyo alikuwa ameshaonekana kwenye filamu, akiwa bado ananyonya.

Watu wengi hawalijui hili: kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa ameshaigiza filamu zinazokaribia 20 Hong Kong, nyingi akiwa mtoto. Kwa hiyo kamera hakujifunzia Hollywood.

Mtaani alikuwa mkorofi. Alianza kujifunza Wing Chun kwa mwalimu Ip Man akiwa kijana mdogo, na mwaka 1958 alishinda shindano la ngumi la shule. Mwaka huohuo alichukua ubingwa wa Hong Kong wa kucheza cha-cha. Ndiyo, dansi! Ukiangalia miguu yake kwenye filamu ukiwa unalijua hilo, unaelewa mambo mengi.

Ugomvi ulipozidi, wazazi waliona bora dogo aondoke. Aprili 1959 alipanda meli kurudi nchi aliyozaliwa, mfukoni akiwa na dola 100.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mweusi

Baadaye alihamia Seattle. Alihudumia meza kwenye mgahawa wa Ruby Chow, rafiki wa familia, akalala kwenye kachumba kadogo hapohapo mgahawani, akamalizia sekondari, na mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington.

Pembeni alianza kufundisha. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi ambaye utotoni aliwahi kupigwa na askari polisi mlevi, na tangu hapo akawa anatafuta mtu wa kumfundisha kujilinda. Waalimu wengi wa Kichina wakati ule hawakufundisha watu wa nje. Bruce alifundisha yeyote aliyekuja: weusi, Wajapani, Wazungu. Darasa lile la mwanzo la Seattle lilikuwa na sura ambazo Marekani ya 1959 haikuzoea kuziona zikiwa zimesimama mstari mmoja.

Agosti 1964 alimuoa Linda Emery, mwanafunzi wake wa Kizungu. Mwezi huohuo alialikwa Long Beach, California, kuonyesha mtindo wake kwenye mashindano ya karate yaliyoandaliwa na Ed Parker. Ukumbini alikuwepo Jay Sebring, kinyozi wa mastaa. Siku moja Sebring akimnyoa mtayarishaji wa televisheni William Dozier, akasikia Dozier anatafuta kijana wa Kichina anayejua kupigana na kuigiza. Mchongo ulianzia kwenye kiti cha kinyozi.

Siku nane

Februari 1, 1965 alizaliwa Brandon, mtoto wa kwanza wa Bruce. Februari 4 Bruce alikuwa Los Angeles mbele ya kamera kwa majaribio, amevaa suti, nywele amezilaza, akieleza tofauti ya kung fu na karate huku akirusha ngumi zinazoishia milimita chache kutoka kwenye uso wa mzee mmoja wa pale studio. Februari 8, baba yake akafariki Hong Kong.

Siku nane tu hizo: amepata mtoto, amejaribiwa kazi, amempoteza mzazi.

Tamthilia aliyofanyiwa majaribio haikutengenezwa. Dozier alikuwa bize na kitu kingine, Batman, iliyoanza kurushwa ABC Januari 1966 na kulipuka. Kituo kikataka nyingine ya aina hiyo haraka. Dozier akaichukua The Green Hornet, hadithi ya redio iliyoanza Detroit mwaka 1936, akamkumbuka yule kijana wa majaribio.

Hadithi yenyewe ni rahisi. Britt Reid ni tajiri mwenye gazeti. Mchana ni mheshimiwa, usiku anajifanya jambazi ili awaingie majambazi wenzake na kuwamaliza. Kato ni mtumishi wake wa nyumbani mchana, na usiku ndiye dereva na mpiganaji. Kipande cha kwanza kilihusu bunduki isiyotoa sauti. Kwa shida hiyo, hakuna mtu aliyefaa kuliko Kato, maana naye hakuwa anatoa sauti.

Dola 400

Waandishi wa maisha yake wanataja malipo hivi: Van Williams alilipwa dola 2,000 kwa wiki, Bruce Lee dola 400. Kati ya waigizaji watano wakuu wa tamthilia ile, yeye ndiye aliyekuwa mwisho kwenye orodha ya mishahara.

Mezani hiyo ilionekana sawa, kwa sababu Kato hakuwa na maneno mengi. Lakini watoto waliokuwa wanaangalia walikuwa wanamsubiri nani? Kamera zenyewe zilimshindwa. Alikuwa anapiga haraka kiasi kwamba picha ilionyesha watu wanaanguka bila kuonekana walichopigwa nacho, ikabidi aombwe apunguze mwendo. Mwigizaji analipwa kidogo kuliko wote, halafu anaambiwa afanye kazi taratibu ili aonekane!

Bruce alimwomba Dozier Kato apewe maneno zaidi na uzito zaidi. Alipata kidogo. Yapo maelezo kwamba mwigizaji wa Robin, Burt Ward, alikuwa na hofu walipokutanishwa kwenye kipande cha Batman, Machi 1967, Kato apigane na Robin. Inasimuliwa kuwa mwanzoni Kato ndiye aliyepangwa kupigwa na Bruce akagoma. Kilichoonekana hewani ni droo.

Mwezi huohuo The Green Hornet ikaisha. Vipande 26, msimu mmoja, hakuna wa pili. Batman ilikuwa ya vichekesho na rangi, hii ilijifanya serious, na watazamaji hawakuwa wa kutosha.

Miaka minne ya kusubiri

Alifungua shule Los Angeles, akaupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do, akawafundisha mastaa majumbani kwao: Steve McQueen, James Coburn, na mchezaji wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar. Aliwafundisha watu ambao mabango yao yalijaa mjini huku yeye akisubiri simu. Mwaka 1969 akazaliwa binti, Shannon. Mwaka 1970 akaumia mgongo akinyanyua vyuma, akalala kitandani miezi kadhaa, na Linda akatafuta kazi ili nyumba iende.

Mwaka huohuo alisafiri Hong Kong na Brandon mdogo kutembelea nyumbani. Akakuta watu wanamjua barabarani, wanahabari wanamtafuta.

Ilikuwa hivi: The Green Hornet ilikuwa imeoneshwa Hong Kong, lakini kule hakuna aliyejali sana tajiri mwenye gazeti. Watu waliiita tu tamthilia ya Kato. Aliyekuwa dereva Marekani alikuwa ndiye steringi nyumbani, na mwenyewe hakuwa na habari.

Kampuni changa ya Golden Harvest, ya Raymond Chow, ikamsainisha filamu mbili kwa dola 15,000. Ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa Thailand katikati ya 1971 na kuingia kumbi za Hong Kong Oktoba mwaka huo. Ikavunja rekodi ya mapato. Mwaka 1972 Fist of Fury ikaivunja hiyo, na kabla mwaka haujaisha The Way of the Dragon ikavunja ya pili. Hiyo ya tatu aliandika, akaongoza na kuigiza mwenyewe, na ndiyo yenye pambano la Roma na Chuck Norris.

Marekani bado walikuwa wanasita. Alipeleka wazo la tamthilia kuhusu mpiganaji wa Kichina kwenye Marekani ya karne ya 19. Halikwenda popote. Tamthilia nyingine ya mpiganaji wa Kichina, Kung Fu, ilianza 1972 na jukumu kuu akapewa David Carradine, ambaye si Mchina.

Julai 20, 1973

Hatimaye Warner Bros wakakubali kushirikiana na Golden Harvest kutengeneza Enter the Dragon. Safari hii jina lake lilikuwa juu, na kando yake alikuwepo Jim Kelly, mpiganaji mweusi mwenye afro kubwa.

Mei 10, 1973, akiwa kwenye chumba cha kuingizia sauti, Bruce alianguka na kupoteza fahamu. Madaktari walikuta ubongo umevimba, wakamtibu, akapona. Julai 20 alikuwa kwenye nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei, Hong Kong, kichwa kikauma, akanywa kidonge cha maumivu, akajilaza. Hakuamka tena. Ubongo ulikuwa umevimba tena. Alikuwa na miaka 32.

Alizikwa makaburi ya Lake View, Seattle. Miongoni mwa waliobeba jeneza ni McQueen na Coburn, wanafunzi wake. Enter the Dragon ilitoka Marekani Agosti, wiki chache baadaye, na dunia nzima ikaanza kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Same ilimpata kwa kuchelewa

Hapo ndipo likatokea jambo la ajabu kidogo. Mwaka 1974 vipande vya The Green Hornet vya 1966 na 1967 vikachukuliwa, vikaunganishwa, vikauzwa kwenye kumbi za sinema kama filamu. Kwenye mabango jina lililotangulia lilikuwa la Bruce Lee. Yule wa dola 400 kwa wiki ndiye aliyekuwa anauza tiketi, na hakuwepo kulipwa.

Filamu za kung fu zilijaza kumbi za miji ya Tanzania katika miaka hiyo ya 1970. Kwa mtu wa Same, ukumbi wa maana ulikuwa Moshi, kama kilometa 100. Baadaye zikaja kanda za video, jenereta na vibanda umiza, benchi la mbao na mfasiri kama Lufufu akikupa picha nzima kwa Kiswahili, na vionjo vyake juu. Humo humo wakaingia Bruce Li, Bruce Le na Dragon Lee, waigizaji waliopewa majina ya kufanana naye ili kanda ziuzike. Ubishi mwingi wa vijiweni kuhusu picha ipi ya Bruce ni kali unahusu picha ambazo hakuwahi kuzicheza.

Brandon, yule aliyezaliwa siku tatu kabla ya majaribio, naye akawa mwigizaji. Machi 31, 1993, wakati wa kupiga filamu ya The Crow, alipigwa risasi kwa bahati mbaya na bunduki iliyotakiwa kuwa salama. Alikuwa na miaka 28. Amelala kando ya baba yake.

Shannon ndiye aliyebaki na makaratasi ya mzee, likiwemo lile wazo lililokataliwa. Aprili 5, 2019, kituo cha Cinemax kilizindua msimu wa kwanza wa tamthilia ya Warrior. Ndani yake kuna San Francisco ya karne ya 19, mji uleule aliozaliwa Bruce, na kijana anayeshuka melini kutoka China. Anaongea tangu dakika za mwanzo, na hakuna gari la mtu analoendesha.