Beijerinck na Vinundu vya Mharagwe

Kila mwanafunzi wa sekondari huchora mzizi wa mharagwe na vinundu vyake, akaelezwa kuwa humo mnaishi bakteria wanaoinasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ni wachache mno wanaolijua jina la mtu aliyewatoa viumbe hao vinunduni na kuwakuza peke yao. Huyo ni Martinus Beijerinck, Mholanzi, na naona ni haki tumjue, kwa uzuri wake na ubaya wake.

Alizaliwa Amsterdam mwaka wa 1851 katika jamaa isiyokuwa na mali. Mwaka wa 1877 alipata shahada ya udaktari kwa kuchunguza uvimbe uotao katika mimea iliyoshambuliwa na wadudu. Jicho lililozoea uvimbe wa majani halikukawia kushuka mizizini.

Wakati huo alikuwa mwalimu katika shule ya kilimo ya Wageningen, na ualimu haukumkaa. Alikuwa mkali, mwenye ulimi wa kuchoma, na wanafunzi hawakumpenda. Mwaka wa 1885 akaenda kuajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft. Yamkini wapo waliodhani amejishusha. Kumbe huko ndiko alikopata maabara.

Mwaka wa 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza kuwa jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu. Vijidudu gani? Mwaka wa 1888 Beijerinck aliwatenga, akiwakuza katika mchuzi wa majani ya mimea ya jamii hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye aliwaambukiza maharagwe mapana bakteria hao, na vinundu vikaota.

Alirudi kufundisha mwaka wa 1895, akiwa profesa huko Delft, na ukali wake haukupungua. Hakuoa, wala hakupendezwa wasaidizi wake walipooa. Alifariki tarehe 1 Januari 1931.

Ukali huo siutetei. Mwanafunzi aliyeaibishwa mbele ya wenzake huenda akaitoroka sayansi daima, nasi hatutajua ni nani aliyepotea hivyo. Hata hivyo, mkulima asiyemudu mfuko wa mbolea ana deni kwa mtu huyu: Chuo Kikuu cha Nairobi kimewahi kutayarisha bakteria wa aina hii wa kuchanganywa na mbegu.

Mwalimu asiye na maabara na ang'oe mharagwe unapoanza kuchanua, akipasue kinundu kwa wembe mbele ya darasa. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wamo kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi.