Odhiambo, msee wa wadudu wa Mbita

Ukienda kisiwa cha Rusinga kutoka Homa Bay mjini, utapita Mbita. Hapo kuna kituo cha utafiti chenye jina la Thomas Odhiambo. Ulizia mtaani kama kuna anayemjua. Kimya.

Jamaa alizaliwa Mombasa 1931, akasoma Maseno, kisha Makerere. Alichunguza wadudu Uganda kabla ya kwenda Cambridge, ambako alipata udaktari wake kwa kusoma homoni za nzige. Ndio, nzige, wale wale waliotuhangaisha 2020.

Angebaki Uingereza na maisha yangekuwa poa tu. Akarudi Nairobi kufundisha, na 1970 akaanzisha ICIPE, kituo cha kuchunguza wadudu. Alitaka mtafiti akae palipo na shida, ndiyo maana Mbita ikapata kituo, karibu na mashamba ambako viwavi hutoboa mabua ya mahindi. 1983 ukaanza mpango wa kufunza Waafrika hadi udaktari, hapa hapa Afrika, mdudu akiwa mkononi. Mimi niliacha chuo bila kushika darubini hata siku moja, kwa hivyo acha nione wivu.

Alifariki 2003. Leo wakulima wa Homa Bay na Migori hupanda desimodiamu katikati ya mahindi kufukuza viwavi na kumaliza kayongo, na nepia pembeni kuwavuta. Mbinu hiyo ilikuzwa Mbita. Mwalimu akipeleka darasa kwenye shamba kama hilo, watoto watapasua bua wenyewe wamwone kiwavi.