William Siborne, mwenye aliweka vita nzima ya Waterloo juu ya meza

Mtaani Chelsea, katika mji wa London, ndani ya makumbusho ya taifa ya jeshi la Uingereza, kuna maketi moja kubwa kuliko vyumba vingi vya kulala. Ni karibu mita 6 kila upande. Juu yake kuna vilima, barabara, miti, mashamba, nyumba zenye kuungua, na masoda wadogo zaidi ya 70,000, kila mmoja urefu wa kama sentimeta moja, waliotengenezwa kwa bati na madini ya risasi. Hiyo ni vita ya Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, iliyosimamishwa kwenye saa moja ya magaribi, sawa vile mtu anasimamisha filamu katikati.

Mwenye aliipanga ile maketi ni ofisa mmoja aliyeitwa William Siborne. Ilimkamata miaka minane, ikakula makuta yake yote na ya wenye walimkopesha, ikamkosanisha na mtu mwenye heshima kuliko wote katika jeshi la Uingereza. Na ugomvi wote ulitoka kwenye swali moja lenye kuonekana dogo: ile saa moja ya magaribi, jeshi la Prusia lilikuwa limefika wapi?

Siborne alizaliwa mwaka 1797. Baba yake alikuwa kapiteni katika Kikosi cha 9 cha askari wa miguu. Mtoto alipita chuo cha kijeshi cha Sandhurst na mwaka 1813, akiwa bado hajatimiza miaka 16, akaingizwa kama ofisa mdogo katika kile kikosi cha baba. Waterloo yenyewe hakuiona. Siku ile bunduki zilipolia alikuwa na miaka 17, na alifika Ufaransa baadaye tu, pamoja na jeshi lililokuja kukaa Paris kisha Napoleon kuanguka. Kipaji chake kilikuwa kingine: kupima ardhi na kuchora ramani. Alijua kuchukua kilima na kukiweka kwenye karatasi namna mtu asiyekiona ataelewa wapi kinapanda na wapi kinashuka. Aliandika vitabu juu ya hiyo kazi, na mwaka 1826 akapewa nafasi katika biro ya mkuu wa jeshi huko Dublin, Ireland. Ilikuwa kazi ya makaratasi, yenye mshahara wa kawaida.

Ili kuelewa kilichomfikia, inafaa kukumbuka kidogo ile vita. Uwanja wake uko kusini ya Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, hii hii ambayo baadaye ilikuja kutawala Kongo. Mwaka 1815 Ubelgiji ilikuwa haijazaliwa kama nchi. Ilikuwa imeunganishwa na Uholanzi. Napoleon alikuja na watu kama 72,000. Mbele yake, nyuma ya mgongo wa kilima kirefu, Duke wa Wellington alikuwa na watu kama 68,000, na kati yao Waingereza walikuwa karibu theluthi moja tu. Wengine walikuwa Wajerumani wa sehemu mbalimbali, Waholanzi na Wabelgiji. Mchana wote walipigana. Wakati huo jeshi la tatu, la Prusia, chini ya mzee Blücher, lilikuwa linakokota mizinga ndani ya matope kutoka upande wa mashariki. Kufika alasiri Waprusi walianza kupiga Wafaransa ubavuni, karibu na kijiji cha Plancenoit. Magaribi Napoleon alituma kikosi chake cha Garde, wale askari wa kuaminiwa kuliko wote, kupanda kilima cha Wellington. Wakarudishwa, na jeshi lote la Ufaransa likavunjika, likakimbia. Waliouawa na kujeruhiwa siku ile moja walipita 40,000.

Mwaka 1830 wakubwa wa jeshi huko London walitaka maketi ya ile vita kwa makumbusho mapya ya kijeshi. Lord Hill, mkuu wa jeshi, mwenye yeye mwenyewe alipigana Waterloo, akampa Siborne ile kazi. Siborne akaenda kukaa miezi minane katika La Haye Sainte, ile ferma iliyokuwa katikati ya uwanja wa vita, yenye kuta ambazo watu walikufa mbele yake kwa mamia. Kutoka pale alikuwa anatoka kila siku na vyombo vyake kupima: mwinuko huu, bonde lile, barabara iliyozama kati ya kingo mbili, ukuta wa bustani ya Hougoumont.

Kazi hii haikuwa rahisi, kwani uwanja ulikuwa umekwisha kuharibiwa. Mfalme wa Uholanzi alikuwa amejenga pale kilima cha ukumbusho, chenye simba wa chuma juu yake, kilichomalizika mwaka 1826. Udongo wa kukipandisha zaidi ya mita 40 ulitolewa palepale, kwenye ule mgongo Wellington alikosimama. Watu walibomoa mahali pa vita ili kujenga ukumbusho wa vita. Siborne ilimpasa kurudisha kwenye karatasi ardhi yenye ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Kupima ardhi ilikuwa sehemu nyepesi. Sasa aweke askari wapi? Mwingine angekamata ripoti ya jenerali na kupanga kadiri ile ripoti inavyosema. Siborne aliona hiyo haitoshi. Aliomba ruhusa, akaanza kuandikia maofisa wote waliopona, kila kikosi, kila kundi la mizinga. Maswali yake yalikuwa mafupi na ya waziwazi. Saa moja ya magaribi kikosi chako kilikuwa kimejipanga namna gani? Adui mbele yako alikuwa nani, naye amejipanga namna gani? Shamba mlilosimama lilikuwa na mazao gani? Hata mazao! Alitaka kujua kama ni ngano, ama majani, ama nafaka ndefu yenye kumfunika mtu, na kama ilikuwa bado imesimama ama imekanyagwa.

Barua zilirudi kwa mamia. Mwisho zilifika kama 700. Hakuna mtu mwingine kabla yake alikusanya ushuhuda mwingi hivyo wa vita moja kutoka kwa wenye walipigana.

Kila mwenye amewahi kukusanya habari kisha mapigano anaweza kubashiri kilichokuwa ndani. Wawili waliosimama mita 200 mmoja kwa mwengine walisema mambo tofauti kabisa. Wengi walikiri kwamba moshi wa baruti uliwaziba macho, hawakuona kitu kupita kikosi chao. Wengine hawakuangalia saa. Wengine walikuwa wamelala chini ya kilima, kwa amri, na hawakujua kitu mpaka walipoambiwa kuinuka. Na miaka zaidi ya kumi na tano ilikuwa imepita, mtu amekwisha kusimulia habari yake mara mia, na kila mara inaongezeka chumvi kidogo. Ugomvi mkali ulikuwa juu ya nani alivunja Garde ya Napoleon: ni kikosi cha Guards wa Uingereza, ama ni Kikosi cha 52? Mwaka 1833 ofisa mmoja wa kile cha 52, George Gawler, alitangaza kwamba sifa ni ya kikosi chake. Mwenye kumjibu alikuwa Sir Hussey Vivian, aliyeongoza askari wa farasi ile siku, na ambaye sasa alikuwa mkuu wa jeshi katika Ireland, yaani mkubwa wa Siborne mwenyewe kazini. Siborne akawa katikati, akifungua barua asubuhi na kumsalimia mkubwa wake mchana.

Aliandika pia nje. Wafaransa hawakumpa msaada wa maana. Nani anapenda kusaidia kutengeneza picha ya kushindwa kwake? Lakini maofisa wakuu wa Prusia walimjibu vizuri, wakamwonyesha vikosi vyao vilifika wapi na saa ngapi.

Mwaka 1833 serikali mpya ikasema haina pesa za maketi. Mtu wa akili ya biashara angeacha pale. Siborne aliendelea kwa mfuko wake, kwa mkopo na kwa michango kidogo ya marafiki wa jeshi. Mwishoni gharama ilifika kama pauni 3,000, pesa ambayo ofisa wa cheo chake asingeweza kuilipa kwa miaka mingi ya mshahara.

Maketi yenyewe ilijengwa kwa vipande vyenye kuunganishwa, ili iweze kusafirishwa. Ardhi ilipunguzwa kama mara 600. Kwa kipimo hicho mtu wa kweli angekuwa na milimita tatu tu, na hakuna mkono wa kupaka rangi koti lake. Kwa hiyo askari walifanywa wakubwa kuliko ardhi yao, na kila kisanamu kikahesabiwa kama watu wawili. Wako wa miguu, wa farasi, wa mizinga. Vikosi vya Uingereza vimejipanga mistari, Wafaransa wako katika makundi mazito ya kupanda kilima. Mwenye kuangalia kutoka juu anaona kitu ambacho hakuna jenerali wala soda aliyekiona siku ile: uwanja wote kwa mara moja, bila moshi.

Na pale ndipo ubaya ulianzia. Siborne, kwa kufuata majibu ya Waprusi, aliwaweka kwa wingi kwenye ubavu wa Napoleon na karibu na Plancenoit. Mwenye kuangalia maketi asingeuliza mara mbili. Angeona kwamba kwenye ile saa Garde inapanda kilima, maelfu ya Wafaransa wamekwisha kuvutwa upande mwingine kuzuia Waprusi, na kwamba Napoleon anapigana na majeshi mawili.

Wellington hakupenda. Lazima kumtendea haki: katika ripoti yake ya tarehe 19 Juni 1815 yeye mwenyewe aliwashukuru Waprusi kwa msaada wao na kukiri kwamba ulichangia ushindi. Shida ilikuwa juu ya saa. Kwake, Garde ilivunjwa na jeshi lake kwanza, na Waprusi wa maketi walikuwa mbele mno kwa wakati ule. Maneno hayo yalimfikia Siborne kupitia Lord FitzRoy Somerset, katibu mkuu wa mambo ya jeshi, mtu aliyepoteza mkono wake wa kuume palepale Waterloo, akiwa kando ya Wellington. Yalisemwa kwa adabu. Lakini Siborne alikuwa ofisa mdogo mwenye deni, anayetegemea jeshi kwa mkate wake, na aliyesema naye alikuwa mshindi wa Napoleon na aliyewahi kuwa waziri mkuu.

Alishikilia kwa muda. Aliandika, akaeleza, akaonyesha ushuhuda wake. Mwisho akakubali kuondoa sehemu kubwa ya Waprusi kwenye meza, na baadaye katika kitabu chake akaandika kwamba alikuwa amepotoshwa kuhusu mahali pao. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Wengine wanaona alinyamazishwa. Wengine wanasema ushahidi mwingine ulimfanya abadili mawazo kwa kweli, maana saa za siku ile hazikuwa sawa kwa mtu yeyote. Hata hivyo, ni ngumu kusoma habari hii bila kujiuliza kama angekosea vilevile kama hakuwa na deni.

Maketi ilionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1838, katika jumba la Egyptian Hall, mtaa wa Piccadilly. Watu kama 100,000 walikuja kuiona, na walilipa kuingia. Lakini ile pesa haikumtoa Siborne kwenye deni. Hakukoma. Alitengeneza maketi ya pili, ya sehemu ndogo ya uwanja yenye askari wakubwa zaidi, kuonyesha mashambulio ya farasi wa Uingereza mchana wa ile siku. Ya pili hiyo iko leo katika mji wa Leeds. Mwaka 1844 alitoa historia ndefu ya vita ya 1815, ambayo ilichapishwa tena na tena.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Chelsea, kuwa katibu wa shule ya watoto wa masoda, wengi wao yatima. Alikufa pale Januari 1849, na miaka 51 tu, afya imevunjika. Wellington alimpita kwa miaka mitatu na zaidi.

Kisha kifo chake maketi kubwa ilinunuliwa na chama cha maofisa kwa ajili ya makumbusho yao, yaani ikafika palepale ilipopaswa kufika tangu 1830. Zile barua alizihifadhi zote, za wenye kukubaliana naye na za wenye kumpinga. Mwana wake, Herbert Taylor Siborne, naye mwanajeshi, alichapisha sehemu yake mwaka 1891, na mkusanyo uko sasa katika maktaba kuu ya taifa, British Library. Watafiti wameendelea kutoa nyingine miaka hii ya 2000.

Makumbusho ya Chelsea hayako mbali na ile shule alikofia. Wageni wanazunguka ile meza ya kioo, watoto wanatafuta Napoleon. Upande wa Plancenoit Waprusi wapo, lakini ni wachache kuliko vile alivyowapanga mwanzo.