Gandhi na Hesabu ya Senti

Mwaka 1893 wakili kijana wa Kihindi alikuwa safarini kwenda Afrika ya Kusini. Meli yake ilitia nanga Lamu, naye akashuka kuutazama mji. Aliporejea, ngazi ilikwisha pandishwa, ikabidi avutwe kwa kamba. Kisha akapita Mombasa, na hapa Unguja akakaa zaidi ya wiki moja akingojea chombo kingine. Huyo ndiye Mohandas Gandhi.

Wengi wetu humsifu kwa ufukara alioutaka mwenyewe. Lakini ndani ya maisha yake mna mambo mawili ambayo hayapatani kwa urahisi. Mwenye kubana matumizi huweka; hatupi kopo wala kipande cha uzi, kwani kesho huenda kikahitajika. Asiyetaka kumiliki hutoa. Gandhi alianza na lile la kwanza. Alipokuwa mwanafunzi London, baada ya kupoteza fedha kwa kofia ya hariri na masomo ya dansi, alifungua daftari akaandika kila senti, hata ya stempu. Akahamia chumba kimoja, akajipikia uji, na safari zake akazifanya kwa miguu.

Mtihani ulimfika mwaka 1901, alipoagwa na Wahindi wa Natal kwa zawadi za dhahabu na almasi, mkiwamo mkufu wa mkewe. Usiku ule hakulala. Asubuhi akaamua vyote viwekwe amana kwa manufaa ya jamii. Bibi Kasturba alipinga: mkufu ni wake, na siku moja wanawe wataoa. Tena akamkumbusha kuwa katika utumishi ule naye ametoa jasho, kwa kuwahudumia wageni usiku na mchana. Hatimaye alikubali kwa shida. Kwa maoni yetu, hoja ya bibi huyu ilikuwa nzito, na wasifu wengi huipita upesi mno.

Aliporudi Bombay, Gandhi alikata bima ya maisha ya rupia 10,000, tendo la mbanaji hasa. Baadaye, akiwa Johannesburg, aliiacha ikafa. Akamwandikia kaka yake mkubwa, ambaye hadi wakati ule alikuwa akimpelekea akiba yake, kwamba tangu sasa kitakachobaki ni cha jamii. Kaka, aliyemsomesha, alikasirika, na uhasama ukadumu miaka.

Hata hivyo tabia ya daftari haikumtoka. Aliandika barua nyuma ya bahasha kuukuu, na fedha za umma alizidai hesabu hadi senti ya mwisho. Alizihesabu kwa sababu hazikuwa zake. Alipouawa Delhi, tarehe 30 Januari 1948, vitu vyake vilikuwa miwani, ndara, saa ya mfukoni na vyombo vichache vya kulia.