Abdurrahman bin Auf (R.A.): Sahaba Aliyeulizia Soko

Ndugu msomaji, wewe usemaye huna mtaji, hebu mtazame Sahaba huyu. Mwaka 622 alihama Makka akaingia Madina hana kitu. Mtume (S.A.W.) akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii, tajiri wa Madina, naye akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa. Siku hiyo hiyo akarudi na faida ya jibini na samli. Kesho yake akarauka tena, na kila siku hivyo hivyo. Haukupita muda akaoa, mahari dhahabu uzito wa kokwa ya tende. Alipotajirika, akatoa sana kwa ajili ya Allah. Je, kijana, soko la kwenu si unalijua? Basi kesho rauka!